Panya Mwenye Ini la Mtu: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utafiti wa Homa ya Ini

Nafanya kazi maabara hapa Dar es Salaam, upande wa virusi vya homa ya ini. Kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa nje ya nchi kwa masomo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilihudumia panya ambao ini lao limejaa seli za binadamu. Nikiitaja kazi hiyo kwenye daladala, msibani au kwenye kikao cha harusi, maswali hayaishi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara, pamoja na mengine ambayo watu wanaona haya kuyauliza mbele za wenzao.

Mtaani kwetu panya anatafutiwa sumu. Ninyi mnamtafutia ini?

Ndiyo. Kila asubuhi muuza dawa ya panya, mende na kunguni anapita na kipaza sauti chake, kwa hiyo naelewa kwa nini swali hili ndilo la kwanza. Ila panya tunayemzungumzia si yule wa kwenye mfereji. Ni mdogo, ana gramu 20 na ushei, amezaliwa maabara na wazazi wake wamezaliwa maabara, na hajawahi kuona jua.

Watanzania tuna bahati ya kuwa na mfano karibu. Panya buku wanaofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na shirika la APOPO, wananusa makohozi na kumtambua mgonjwa wa kifua kikuu. Yule anatuazima pua. Huyu wangu anatuazima mwili mzima, na ndiyo maana nasema tuna deni kwake.

Homa ya ini si ndiyo homa ya manjano?

Hapana. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, unaletwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile inayoandikwa kwenye kadi ya njano ya wasafiri. Macho kuwa ya manjano ni dalili tu kwamba ini limezidiwa, na linaweza kuzidiwa kwa sababu nyingi.

Homa ya ini inayosababishwa na virusi ina aina kuu tano: A, B, C, D na E. A na E zinapita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. B, C na D zinapita kwenye damu. B inapita pia kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B na milioni 50 na C, na watu milioni 1.3 walikufa kwa homa za ini. Wengi wa wenye virusi hivyo hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wanavyo.

Kwa nini msimdunge tu panya wa kawaida hivyo virusi?

Watu walijaribu. Unamdunga panya wa kawaida damu iliyojaa virusi vya B, unasubiri, unampima, huna unachokipata. Kirusi hiki kinachagua mno. Kinakaa kwenye ini la mtu, la sokwe mtu, na la kimnyama kidogo cha Asia kiitwacho tupaia. Kwa panya hakina habari.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua mlango kinaoingilia. Mwaka 2012 timu ya Li Wenhui kule Beijing ilionyesha kwamba mlango ni protini iitwayo NTCP, inayokaa kwenye ukuta wa seli ya ini. Kazi yake halisi haihusiani na ugonjwa wowote: inavuta chumvi za nyongo kutoka kwenye damu na kuziingiza kwenye ini. Kirusi kimejifunza kujishikiza hapo na kuvutwa ndani. Panya naye ana NTCP, lakini yake imetofautiana na yetu sehemu chache tu, na sehemu hizo chache ndizo kirusi kinazozihitaji.

Basi wataalamu wakasema, tumpe panya NTCP ya binadamu tumalize kazi. Wakafanya hivyo. Kirusi cha D, ambacho kinavaa gamba la B na kutumia mlango huohuo, kikaingia vizuri. Cha B kikakwama. Mlango ulifunguka, lakini jikoni hakukuwa na mafiga. Ndani ya seli ya binadamu, kirusi cha B kinaichukua DNA yake, herufi takriban 3,200 tu, kinaiunga iwe duara kamili na kuificha ndani ya kiini cha seli. Duara hilo ndilo linalochapisha virusi vipya miaka nenda rudi. Ndani ya seli ya panya duara hilo halitengenezwi inavyotakiwa. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba kumrekebisha panya jeni moja moja hakutoshi kwa B. Ni lazima apewe seli nzima ya mtu, na kila kilichomo.

Kwa hiyo panya mwenye ini la mtu ni panya wa namna gani?

Ukimwona humtofautishi na wenzake. Tofauti iko tumboni. Ini lake lina umbo la ini la panya, mishipa yake ni ya panya, lakini seli zinazofanya kazi zenyewe, za kuchuja sumu, kutengeneza protini za damu na kusindika dawa, ni za binadamu. Kwa panya waliofanikiwa vizuri, seli za mtu zinapita asilimia 70 ya ini, na kwa wachache zinafika 90 na zaidi. Kirusi kikimwingia panya huyo hakijui kama kiko ndani ya panya. Kinakuta seli ya mtu, kinakaa.

Anatengenezwaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye ufundi.

Ini lina tabia ambayo viungo vingine vingi havina: likikatwa, linakua tena. Ukiondoa seli za panya polepole huku umeshamwekea seli za mtu, zile za mtu zitaona nafasi na zitaijaza. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutimiza. La kwanza, panya asiwe na kinga ya kuzikataa seli za kigeni. La pili, seli zake mwenyewe za ini ziwe zinakufa.

Panya wa kwanza waliofaa walipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1990 watafiti Marekani waliwawekea panya jeni iitwayo uPA ili ifanye kazi ndani ya ini, wakichunguza matatizo ya kuganda kwa damu. Watoto wengi wa panya hao walikufa kwa kutoka damu. Lakini kwa walionusurika, ini lilikuwa linajijenga upya kutokana na seli chache zilizokuwa zimeipoteza jeni ile, iliyokuwa ikiziua seli za ini. Mtu mwenye jicho akaona: kama seli chache zenye afya zinaweza kulijaza ini zima, seli za mnyama mwingine nazo zitaweza. Mwaka 2001 kundi la Hamburg lilionyesha panya wa namna hii, wenye seli za ini za binadamu, wakiambukizwa B. Mwaka huohuo kundi la Edmonton, Kanada, likaonyesha wakiambukizwa C.

Panya hao wa uPA walikuwa dhaifu mno. Wanapandikizwa wakiwa na wiki mbili au tatu tu, wakiwa wadogo mno, na wengi wanakufia mkononi. Wengi wetu sasa tunatumia panya waitwao FRG, waliotangazwa mwaka 2007 na kundi la Oregon. Jeni tatu zimezimwa ndani yao. Mbili ni za kinga. Ya tatu inaitwa Fah, na ndiyo yenye ujanja wote.

Fah inatengeneza kimeng'enya cha mwisho katika safari ya kuvunja tairosini, mojawapo ya vijenzi vya protini tunazokula. Bila kimeng'enya hicho sumu inajikusanya ndani ya seli ya ini na kuiua. Wapo watoto wa binadamu wanaozaliwa na kasoro hiyohiyo, na dawa yao ni nitisinoni, inayoizuia safari ile mapema kabla sumu haijatokea. Dawa hiyo ilianza maisha yake kama dawa ya kuua magugu shambani, kabla ya madaktari wa Sweden kuitumia kwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa mtilie panya wa FRG nitisinoni kwenye maji ya kunywa: anaishi salama. Iondoe: seli zake za ini zinaanza kufa. Seli za mtu zina Fah yake nzima, hazidhuriki. Kwa kubadilisha chupa ya maji tu, unaamua seli zipi zibaki.

Siku ya upandikizaji unaitoa chupa ndogo ya seli kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, unaiyeyusha upesi kwenye maji ya nyuzi 37, huku unaitikisa kwa vidole kama anayechanganya dawa ya mtoto. Ukichelewa, zinakufa. Unachukua tone, unatia rangi ya buluu, unaangalia kwenye darubini: seli iliyokufa inanywa rangi, iliyo hai inabaki nyeupe na kung'aa pembezoni. Siku ambayo buluu imetawala, unajua kazi ya miezi mitatu imeharibika kabla haijaanza. Zikiwa nzima, panya anapigwa usingizi, unafungua sehemu ndogo ubavuni kushoto, unalichomoza bandama kwa upole, na kulidunga seli kati ya nusu milioni na milioni moja. Kutoka kwenye bandama zinasafiri na damu hadi kwenye ini zenyewe.

Baada ya hapo ni kulea. Unaondoa dawa, panya anakonda, akipungua uzito kupita kiasi unamrudishia siku chache apumzike, unaondoa tena. Kila asubuhi unawapima mmojammoja kwenye mzani. Inachukua miezi miwili hadi mitatu. Mimi nilikuwa nawapima saa kumi na mbili asubuhi, na nilijua sauti ya kila kizimba.

Mnajuaje kuwa seli zimeshika bila kumpasua?

Tone la damu ya mkiani. Ini la mtu linatengeneza albumini ya mtu, na albumini hiyo inaogelea kwenye damu ya panya. Unaipima. Ikipanda wiki hadi wiki, seli zinaongezeka. Ikisimama, kuna tatizo. Mara ya kwanza niliposoma namba ile ikiwa juu nilikaa chini kabisa. Ilikuwa protini ya mtu ambaye nisingemjua kamwe, ndani ya mnyama anayetosha kiganjani.

Na huyo mtu ni nani? Seli zinatoka wapi?

Nyingi zinatoka kwenye maini yaliyotolewa na wafadhili wa viungo waliofariki, maini ambayo kwa sababu moja au nyingine hayakufaa kupandikizwa kwa mgonjwa, kwa mfano yana mafuta mengi. Nyingine ni kipande kilichotolewa kwenye upasuaji, kwa ridhaa ya mwenyewe. Ini linapitishiwa kimeng'enya cha kulegeza gundi kati ya seli, seli zinasafishwa, zinagandishwa. Seli za mtu mmoja zinaweza kutosha kupandikiza panya wengi sana.

Karibu seli zote nilizozishika zilikuwa za watu wa nchi tajiri, kwa sababu huko ndiko kuna mfumo wa kutoa viungo. Jambo hilo linanisumbua, na nitalirudia huko mbele.

Kabla ya panya walitumia nini?

Sokwe mtu. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilijaribiwa kwanza kwao. Kirusi cha C nacho, kilichotambuliwa mwaka 1989, kilipatikana kwa msaada wa damu ya sokwe walioambukizwa. Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2020 kwa kazi ya C, na ukiisoma historia hiyo kwa makini unawakuta sokwe karibu kila hatua.

Sisi tunaotoka nchi yenye Gombe na Mahale hatuwezi kulisoma jambo hili kama wageni. Sokwe ana akili, ana ukoo, analia mwanawe akifa. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilikomesha utafiti huo kwa sokwe mwaka 2015, na mimi nilifurahi. Lakini virusi havikuondoka kwa sababu sokwe wamepumzishwa. Panya mwenye ini la mtu ndiye aliyeibeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Panya hawa wamewahi kumsaidia mgonjwa yeyote, au ni mambo ya vyuoni tu?

Nitajibu kwa visa viwili.

Mwaka 1993, Marekani, wagonjwa 15 wa homa ya ini B waliingia kwenye jaribio la dawa iitwayo fialuridini. Dawa ilikuwa imepita kwa wanyama, wakiwemo panya wa kawaida, bila kuonyesha hatari iliyokuja baadaye. Mwanzoni virusi vilishuka vizuri. Kisha, wiki kadhaa baadaye, maini ya wagonjwa 7 yakaanza kufa. Dawa ikasitishwa palepale, lakini madhara yaliendelea. Watano walifariki, wawili waliponea kwa kupandikizwa ini jipya.

Miaka mingi ilipita kabla sababu haijajulikana. Ndani ya seli ya mtu kuna protini inayoiingiza dawa ile hadi kwenye mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu vya seli. Kwa panya, protini hiyo haikai kwenye mitokondria. Panya wa kawaida hakudhurika kwa kuwa dawa haikumfika pale ilipomfika mtu. Mwaka 2014 watafiti wakawapa fialuridini panya wenye seli za ini za binadamu, na panya wakaugua kama walivyougua wale watu. Panya wa kawaida hawakuugua. Nikisoma kisa hiki huwa nawafikiria wale watano, kila mmoja aliyekwenda kliniki akitumaini kupona. Kama panya hawa wangekuwepo wakati ule, huenda dawa isingefika midomoni mwao.

Kisa cha pili kina furaha. Kundi la Hamburg na wenzao wa Heidelberg walikuwa na kipande kidogo cha protini kilichonakiliwa kutoka kwenye gamba la kirusi cha B, wakitaraji kitaziba mlango kabla kirusi hakijafika. Mwaka 2008 walionyesha kwa panya wenye seli za mtu kwamba kinazuia maambukizi. Angalia mwaka: mlango wenyewe, NTCP, ulijulikana 2012. Walikuwa wameuziba mlango ambao hakuna aliyejua jina lake. Kipande kile leo ni dawa, inaitwa bulevirtide, na Ulaya iliiidhinisha mwaka 2020 kwa wagonjwa wa homa ya ini D, ambayo ni kali kuliko zote zinazodumu mwilini.

Panya hawa hawawezi kutuonyesha nini?

Kinga. Hili ni pengo kubwa na sipendi watu walifiche. Tumemwondolea panya kinga ili asizikatae seli za mtu, kwa hiyo hana askari. Na kwa homa ya ini B, kirusi chenyewe hakiliharibu ini sana. Anayeliharibu ni kinga ya mwili inapopigana nacho. Panya wetu anaweza kuwa na virusi vingi mno kwenye damu na ini lake likaonekana tulivu. Chanjo huwezi kuijaribu kwake. Wala huwezi kuona kwa nini mtu mzima akiambukizwa B mara nyingi anakisafisha kirusi mwenyewe, wakati mtoto mchanga kwa kawaida anabaki nacho maisha yote.

Wapo wanaojaribu kumpa panya mmoja vyote viwili, ini la mtu na kinga ya mtu, kwa kutumia seli shina, zile zinazozaa seli nyingine, kwa mfano za damu ya kitovu. Mwaka 2011 kundi la North Carolina lilifanikiwa kuonyesha panya wa namna hiyo wakiugua C, pamoja na kovu kwenye ini. Ni kazi ngumu. Ini na kinga zikitoka kwa watu wawili tofauti, zinaweza kugombana zenyewe kwa zenyewe, na hapo hujui unachokiona ni ugonjwa au ni ugomvi.

Kwa maswali ya kinga watu bado wanatumia njia nyingine. Kuna panya walioingiziwa jeni za kirusi cha B tangu wakiwa kiinitete; hao wanatengeneza virusi, ila mwili wao unavichukulia kama vyao. Kuna wanaodungwa DNA ya kirusi kwenye mshipa wa mkia kwa kasi kubwa, sekunde chache tu, hadi iingie kwenye ini. Kila njia inajibu swali lake. Anayekuambia panya mmoja anatosha kwa yote, usimwamini.

Na A, C, D, E?

C na D wanafanya vizuri kwa panya mwenye ini la mtu. E pia anaambukiza. A ana habari ya kipekee: mwaka 2016 ilionekana kwamba panya wa kawaida anamshinda kwa sababu ya ulinzi wake wa mwanzo, ule wa interferoni, ukiuondoa, panya anaugua bila kuhitaji seli hata moja ya mtu. Na kwa C, watafiti walikuta kirusi ndugu yake ndani ya panya wakubwa wa jiji la New York, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba kinaweza kuwaambukiza panya wa maabara wenye kinga kamili.

Dada, panya huyo si amekuwa mtu kidogo?

Mzee mmoja aliniuliza hivi kibarazani, Magomeni, na hakuwa anatania. Nilimjibu kwamba ini halina fikra. Mgonjwa aliyepandikizwa figo ya ndugu yake habadiliki kuwa ndugu yake. Panya huyu ana ubongo wa panya, njaa ya panya, woga wa panya. Mzee akatafakari, kisha akasema, "Basi kama ana woga wake, msimtese." Sijasikia kanuni ya maadili iliyosemwa vizuri kuliko hiyo.

Kwa maandishi, zipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Duniani kote wanasayansi wanafuata misingi iliyowekwa na Russell na Burch mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, boresha namna unavyomtendea. Maana yake kazini ni kwamba panya anapewa dawa ya maumivu baada ya kupasuliwa, ana karatasi za kujijengea kiota, na akifika kiwango fulani cha kukonda, jaribio linasimama kwake, hata kama data yako haijakamilika.

Wakitoroka je?

Hafiki mbali. Hana kinga, vijidudu vya kawaida vya nje vitamuua ndani ya muda mfupi. Yule wa FRG hana hata dawa yake ya kwenye maji. Isitoshe, vyumba vyao vina milango miwiliwili na vizimba vinavyofungwa na kuingiziwa hewa iliyochujwa. Kwa hakika sisi ndio hatari kwao. Ukiwa na mafua, huingii.

Kwa nini msiwafuge hapa Dar?

Mahali ninapofanya kazi hatuna, na nitasema ukweli kuhusu sababu. Panya hawa wanataka hewa iliyochujwa saa 24, joto lisilopanda wala kushuka, chakula na matandiko yaliyotakaswa, naitrojeni ya maji isiyokauka, na watu wanaokuja Jumapili na sikukuu. Umeme ukikatika nusu saa mwezi wa Februari, unajua chumba kilichofungwa hapa Dar kinakuwaje. Niliwahi kufanya kazi kwenye maabara ambayo friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ilizima Ijumaa usiku na jenereta halikuwaka. Jumatatu tulikuta maji sakafuni na sampuli za damu za miaka miwili zimeyeyuka. Kila chupa ilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa mtu aliyenyoosha mkono.

Lakini sikubali kwamba hatuna la kufanya. Virusi vya B havifanani dunia nzima. Vina koo, ziitwazo jenotaipu. Huku kwetu inatawala A, ikifuatiwa na D. Na huku Afrika kusini mwa Sahara saratani ya ini inawakuta watu wakiwa bado na nguvu, miaka 30 na 40, wakati Ulaya ni ugonjwa wa wenye umri mkubwa. Kama dawa itajaribiwa kwa panya mwenye ini la Mjerumani na kirusi cha Asia, inatuhusu kwa kiasi gani? Kirusi cha mgonjwa kinaweza kuchukuliwa kwenye damu yake na kupandikizwa kwa panya mwenye ini la mtu. Damu hiyo ipo hapa. Wataalamu wapo hapa, Muhimbili, chuo kikuu chake, Ifakara. Nataka virusi vyetu viwemo kwenye vizimba vile, na mbele ya jina la sampuli awepo mtafiti wa Kitanzania aliyeuliza swali, siyo aliyetuma kifurushi tu.

Nilichangia damu, nikaambiwa nina B. Nisubiri dawa ya panya hawa?

Usisubiri. Nenda kliniki ya ini. Kile kipimo cha mistari miwili kinasema tu kirusi kipo. Bado unahitaji kupimwa kiasi cha virusi na hali ya ini. Wengine wanafuatiliwa bila dawa, wengine wanaanzishiwa tenofoviri, inayokizuia kirusi kujichapisha. Haikiponyi, kwa sababu lile duara la DNA ndani ya kiini inaliacha lilivyo. Kulifuta duara hilo ndiyo kazi kubwa ya dunia nzima sasa hivi, na panya mwenye ini la mtu ni miongoni mwa sehemu chache ambako duara halisi linaonekana ndani ya mwili ulio hai.

Nyumbani, mwenza na watoto wapimwe, wasio nacho wachanjwe. Watoto wetu wanapata chanjo ya B ndani ya ile ya penta, wiki ya 6, 10 na 14. Sahani, vikombe, kukumbatiana: havina shida. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Na kama ni C, habari ni njema zaidi: vidonge vya wiki 8 hadi 12 vinawaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100.

Wakiniomba damu yangu kwa ajili ya utafiti wa namna hii, niulize nini?

Omba fomu ya Kiswahili na uisome mwenyewe, au usomewe na mtu wako. Uliza utafiti umeidhinishwa na kamati gani ya maadili. Kwa utafiti wa afya nchini kuna NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vyuo vina kamati zao. Uliza damu itakaa nchini au itasafirishwa, na kama kirusi chako kitapandikizwa kwa mnyama. Uliza itahifadhiwa miaka mingapi. Uliza kama majibu yatakayokuhusu utarudishiwa, na nani atakupigia simu. Unaweza kukataa na matibabu yako yasiguswe. Unaweza pia kukubali leo na kujitoa mwezi ujao. Aliyekuletea fomu akikosa jibu la mojawapo ya maswali haya, mrudishie kalamu yake, mwambie aende akaulize, utamsubiri hapohapo kwenye benchi.